Mkono Ulio Huru: Wavu wa Kuopolea kwa Mvuvi Aliye Peke Yake Mashuani

Wavu wa kuopolea ni kifaa cha mwisho kutumika katika kazi ya mvuvi wa ndoana, na huenda ndiyo sababu hununuliwa mwisho na kufikiriwa kidogo kuliko vifaa vingine vyote. Una sehemu tatu tu, yaani mpini, pete iliyofungwa mbele ya mpini huo, na mfuko wa nyuzi unaoning'inia kwenye pete, na kazi yake ni kumtoa majini samaki aliyekwisha kunaswa, bila kuuachia mshipi mzigo wa mwili wake. Mshipi unaoweza kumvuta samaki wa kilo tatu akiwa majini, kwa kuwa maji hubeba karibu uzito wake wote, huweza kukatika papo hapo samaki huyohuyo anapoinuliwa hewani na kuanza kujirusha. Na ndoana iliyoshika ngozi nyembamba ya mdomo, ambayo ilitosha kumwongoza, hutoka kwa mtikiso mmoja wa kichwa.

Madukani nyavu hizi hupangwa kwa ukubwa wa samaki: ndogo za trauti, za wastani kwa samaki wa mtoni, kubwa za paiki na karpu. Mpangilio huo unamfaa mtu anayesimama ukingoni na mwenzake akiwa kando, tayari kuingia majini hadi magotini kama itabidi. Kwa mtu aliyeketi peke yake ndani ya mashua ya mita nne swali la kwanza ni jingine kabisa, kwa sababu mkono wake mmoja umeshika ufito, nao hauwezi kuuachia, hivyo kila kitu hutegemea mahali ambapo mkono wa pili unaweza kufika na mzigo unaoweza kuumudu baada ya kufika huko. Hoja ya sura hii ni kwamba urefu wa mpini na uzito wa kichwa cha wavu vipimwe kwanza kwa mkono huo, kisha ndipo ukubwa wa samaki uzingatiwe, ingawa maduka yanauza kwa utaratibu ulio kinyume.

Birmingham si mji unaotajwa upesi katika mazungumzo ya uvuvi wa mashuani. Hauna bahari, na mito yake, Rea na Tame, ni midogo kiasi kwamba wakazi wengi huivuka kila siku bila kujua majina yake. Maji yake mengi ni kazi ya binadamu: mifereji, ambayo wa kwanza wake ulianza kuingiza makaa ya mawe mjini mwaka 1769, na mabwawa yaliyotengenezwa ili mifereji hiyo isikauke, likiwemo Bwawa la Edgbaston lililopanuliwa katika miaka ya 1820 kwa usanifu wa mhandisi Thomas Telford. Mvuvi anayetaka mashua hutoka nje ya mji. Akielekea mashariki atafika Draycote, bwawa la maji ya kunywa karibu na Rugby lenye eneo la takribani hekta 240, ambako mashua ndogo hukodishwa kwa wavuvi wa trauti. Akielekea kaskazini atafika Blithfield katika jimbo la Staffordshire, bwawa lililofunguliwa mwaka 1953. Trauti mwenyewe si mgeni kwa Afrika Mashariki, kwani mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven huko Uskochi na kuanguliwa kwa ajili ya mto Gura, katika milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905. Kusini mwa Birmingham kuna Redditch, mji uliojengwa juu ya sindano na ndoana, kwa maana mafundi waliojua kunoa na kutoboa waya wa chuma walihitaji hatua chache tu kuupinda uwe ndoana, na kiwanda cha Allcock cha mji huo kilikuja kuwa miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya vifaa vya uvuvi duniani. Kwa hiyo mji usio na bahari umezungukwa na watu waliotengeneza vitu vya uvuvi kwa vizazi vingi.

Kabla ya vipimo ni lazima ijulikane samaki anaopolewa kwa ajili gani. Mvuvi wa Pemba au wa Kilwa anayevuta nguru hadi ubavuni mwa ngalawa humchoma kwa kulabu, yaani ndoana kubwa isiyo na chembe iliyofungwa kwenye mti, na hana sababu ya kuihurumia ngozi ya samaki atakayepikwa jioni. Katika maji baridi ya Uingereza kulabu imepigwa marufuku. Sheria ya uvuvi wa samoni na samaki wa maji baridi ya mwaka 1975 iliitaja pamoja na mkuki, mtego wa waya na hata taa, ikiacha mwanya kwa mvuvi wa ufito kuitumia kama msaidizi, na marekebisho ya mwaka 2009 yakauziba mwanya huo. Samaki wengi wanaonaswa katika maji hayo hurudishwa wakiwa hai: katika mito ya Uingereza mtu mmoja haruhusiwi kuchukua zaidi ya paiki mmoja kwa siku, naye asizidi sentimita 65, wakati samaki wa mabwawa ni mali ya mwenye bwawa na huchukuliwa kwa idhini yake. Wanaochukuliwa kwa ajili ya chakula kwa kawaida ni trauti wa mabwawa yaliyopandwa samaki, kwa idadi iliyoandikwa kwenye tiketi ya siku. Wavu wa kuopolea, basi, ni chombo cha kumshika samaki kwa muda na kumwachia, na kanuni za Wakala wa Mazingira, mamlaka inayosimamia uvuvi wa maji baridi nchini humo, zinakataza wavu wenye macho yaliyofungwa kwa mafundo au yaliyotengenezwa kwa waya. Wakala huohuo hutoa leseni ya ufito, ambayo kila mtu aliyefikisha miaka 13 hutakiwa kuwa nayo hata kama anavua kwenye bwawa la rafiki yake.

Wazo la kumchota samaki kwa wavu wa mpini kutoka mashuani, hata hivyo, ni la kale katika maziwa makuu ya Afrika, ingawa huko lilikuwa na shabaha nyingine. Kwenye Ziwa Tanganyika wavuvi wa Kigoma na wa ng'ambo ya Kongo walitumia lusenga, wavu mkubwa wenye umbo la pia uliofungwa kwenye mti mrefu, wakawavuta dagaa kwa mwanga wa moto wa kuni uliowashwa mbele ya mtumbwi usiku usio na mwezi, kisha wakawachota kwa mkupuo kutoka chini. Katikati ya karne ya 20 lusenga ilianza kupisha nyavu kubwa za kuinua zilizoning'inizwa kati ya mitumbwi miwili pamoja na taa za karabai. Jambo linalofaa kukumbukwa kutoka kwenye lusenga ni mgawanyo wa kazi: mmoja alichota, mwingine alipiga kasia na kuushikilia mtumbwi. Kila wavu wenye mpini mrefu na kichwa kizito umebuniwa ukichukulia kwamba yupo mtu wa pili, na mvuvi wa pekee anayenunua wavu wa namna hiyo hununua pia nafasi ya mtu asiyekuwepo.

Mfano wa Uingereza unaothibitisha jambo hilo ni wa mwaka 1952. Usiku wa tarehe 13 Septemba, katika bwawa la Redmire huko Herefordshire, kusini-magharibi mwa Birmingham, Richard Walker alinasa karpu wa ratili 44, yaani karibu kilo 20, aliyeweka rekodi ya Uingereza na baadaye akahifadhiwa katika bustani ya wanyama ya London. Walker alikuwa ukingoni pamoja na rafiki yake Peter Thomas, na wavu waliokuwa nao ulikuwa mkubwa kuliko wowote uliouzwa madukani wakati huo. Kutokana na wavuvi wa karpu wa enzi hiyo kulienea wavu wa pembetatu, ambao mikono yake miwili hutanuka kutoka kwenye kiungio cha mpini na kukazwa mbele kwa kamba, na leo upana wake wa kawaida ni inchi 42, sawa na sentimita 107. Ni wavu mzuri sana ukingoni. Mashuani ni balaa: kamba ya mbele, iliyo laini na isiyo na umbo, hukunjika inapogusana na ubavu wa mashua, mikono mirefu hukwama chini ya ubao wa kukalia, na mtu mmoja hawezi kuugeuza upande wa pili wa mashua bila kusimama.

Turudi kwenye mkono. Ufito wa kawaida wa kuvulia trauti mabwawani una urefu wa takribani mita tatu. Ili samaki afike mahali anapoweza kuopolewa, mshipi uliobaki nje ya ncha ya ufito lazima usizidi sana urefu wa ufito wenyewe, kwa sababu mvuvi ataurudisha ufito nyuma ya bega lake, na samaki atakuja kwa kiasi ufito ulivyorudi. Mshipi uliobaki ukiwa mita tatu, samaki huja hadi mita moja au moja na nusu kutoka kifuani mwa mvuvi. Ukiwa mita nne, samaki hubaki kwenye maji ambayo mkono haufiki, na hapo ndipo wengi huinuka kwenye kiti, tendo ambalo ni hatari kuliko hasara ya samaki yeyote.

Ugumu huongezeka kwa wale wanaovua kwa nzi bandia watatu, yaani manyoya na nyuzi zilizofungwa kwenye ndoana kwa mfano wa wadudu, wakipangwa kwenye uzi mwembamba wa mbele wenye urefu wa mita nne na nusu. Nzi wa juu anapofika kwenye kipete cha ncha ya ufito hukwama, na mshipi haukunjiki tena hata kidogo. Ikiwa samaki ameshikwa na nzi wa chini kabisa, mita tatu za uzi hubaki nje, hakuna namna ya kuzipunguza, na ufito mfupi ndio unaoleta shida kubwa zaidi. Mvuvi wa namna hii anahitaji mpini unaorefuka, wa vipande viwili vinavyoingiana, wenye sentimita 80 ukiwa umefungwa na mita moja na nusu ukivutwa, na kufuli yake iwe ya kuzungusha kwa mkono mmoja au ya kujifunga yenyewe mpini unapotupwa mbele. Kufuli inayohitaji mikono miwili haina maana yoyote hapa, hata kama mpini wenyewe ni wa nyuzi za kaboni na bei yake ni ya juu.

Mpini mrefu, hata hivyo, hufaa kufikia tu, haufai kuinulia. Chukua mpini wa mita moja na nusu wenye pete ambayo kitovu chake kiko sentimita 30 mbele zaidi, na samaki wa kilo nne ndani ya mfuko. Mtu akiushika mwishoni kwa mkono mmoja na sentimita 30 mbele kwa mkono wa pili, mkono wa mbele utabeba mzigo wa kilo 24 kwenda juu na wa nyuma utasukuma kilo 20 kwenda chini, bila kuhesabu maji yaliyobaki kwenye mfuko. Mvuvi wa pekee hana huo mkono wa pili, maana umeshika ufito. Kwa hiyo hainui. Humvuta samaki aliye ndani ya mfuko hadi ubavuni mwa mashua, wavu ukiwa bado majini, akirudisha kiganja hatua kwa hatua kwenye mpini hadi aifikie pete. Na hapo, akiwa amelaza ufito kwenye kiti na kulegeza mshipi, hushika pete yenyewe na kuinua wima, sambamba na ubavu. Mpini unaoteleza kwenye kiganja kilicholowa, au wenye sponji nene mwishoni inayozuia mkono kusogea, huharibu mwendo huu wote, na inashangaza jinsi watengenezaji wanavyoipenda sponji hiyo.

Pete iwe ngumu, ya alumini au ya kaboni, na iwe na umbo la yai au la duara lililosawazishwa mbele, ili ukingo wake ulale sambamba na ubavu wa mashua bila kuacha pengo ambalo samaki atapitia. Kwa trauti wa mabwawa, ambao wengi wako kati ya kilo moja na mbili, upana wa sentimita 50 unatosha, na 60 huacha akiba kwa ajili ya yule mmoja asiyetarajiwa. Kwa paiki, samaki mwembamba mrefu anayeweza kuvuka mita moja, pete ya sentimita 80 hadi 90 inahitajika, na mfuko wake uwe na kina kinachokaribia upana huo ili samaki ajikunje ndani bila kuruka. Kuzidi hapo hakushauriwi kwa mtu aliye peke yake. Pete ya mita nzima inapozama huwa na uso mpana wa nyuzi unaokamatwa na maji, na kuisukuma kando kwa mkono mmoja katika mashua inayopeperushwa ni kazi ya kuvunja kiwiko. Afadhali pete ya sentimita 85 iliyokwisha kuwekwa mahali pake kuliko ya mita moja inayofika baada ya samaki kupita.

Kuhusu mfuko, macho ya wavu huamua mambo mawili yanayovutana. Macho madogo hulinda mapezi, kwa sababu miiba ya pezi haipenyi, lakini huburuta maji na kuufanya wavu uwe mzito kuuzungusha. Macho makubwa huzunguka kwa wepesi na kuacha miiba ining'inie nje na kukatika. Jambo hili si la kinadharia kwa wavuvi wa Birmingham, ambao mto wao wa jadi ni Severn: barbeli, samaki wa ukoo mmoja na kuyu wa Afrika Mashariki, alipandikizwa katika mto huo mwaka 1956, na mwiba mkubwa wa mbele katika pezi lake la mgongoni una meno kama msumeno upande wa nyuma, ambayo hushika nyuzi na hayaziachii bila kuzikata au kulichana pezi. Karpu ana mwiba kama huo mgongoni na mwingine kwenye pezi la mkundu.

Kisha kuna ute. Ngozi ya samaki imefunikwa kwa utando mwembamba wa utelezi unaozuia vimelea na ukungu, na uzi mkavu au wenye mafundo huuondoa kama ukwangulio. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu samaki wadogo wa Amerika Kaskazini waitwao bluegill ulilinganisha nyavu za mpira, za nailoni isiyo na mafundo, na za mafundo ya aina mbili, na ukaona kuwa zenye mafundo ndizo zilizoleta majeraha zaidi ya mapezi na upotevu wa magamba. Lakini uligundua pia kwamba samaki walioopolewa kwa wavu wowote waliumia kuliko wale waliotolewa majini bila wavu. Tokeo hilo la pili halitajwi mara nyingi na wauzaji. Maana yake kwa mvuvi wa pekee ni kwamba samaki mdogo, anayeweza kunasuliwa kwa koleo akiwa bado ubavuni mwa mashua, hahitaji wavu kabisa.

Kati ya nailoni laini na mpira, mashuani mpira hushinda kwa sababu isiyohusu samaki hata kidogo. Wanaovua paiki hutumia chambo bandia chenye ndoana za ncha tatu, mara nyingi mbili kwenye chambo kimoja, na ndoana mojawapo ikiwa mdomoni mwa samaki na nyingine ikashika nailoni, samaki akijizungusha mara moja tu huwa amefungwa na kila kitu kilichomo. Mtu mmoja atatumia dakika nzima kulifumua fundo hilo, samaki akiwa nje ya maji na vidole vikiwa karibu na meno yanayotazama nyuma. Ndoana haipenyi kwenye mpira kwa urahisi. Gharama yake ni uzito: mfuko wa mpira wa pete kubwa ni mzito mno kwenye ncha ya mpini mrefu, na suluhisho lililopo ni nailoni isiyo na mafundo iliyopakwa mpira, ambayo ni nyepesi na bado huzuia ndoana. Kwa paiki wa mashuani huo ndio mfuko wa kununua. Kwa trauti mwenye nzi bandia wadogo nailoni laini inatosha.

Mpini na kichwa cha wavu huuzwa kila kimoja peke yake, na mnunuzi asiyejua hilo hurudi nyumbani na vitu viwili visivyokutana. Nchini Uingereza skrubu inayoviunganisha ina kipenyo cha inchi tatu kwa nane, karibu milimita tisa na nusu, na mizunguko 20 katika kila inchi. Ni kipimo cha skrubu laini cha Kiingereza kilichotangazwa mwaka 1908, chenye pembe ya nyuzi 55 iliyorithiwa kutoka kwa Joseph Whitworth, mhandisi wa Manchester ambaye mwaka 1841 alipendekeza kwamba nchi nzima itumie ukataji mmoja wa skrubu. Viwanda vya magari vimeshaacha kipimo hicho zamani na kuhamia milimita. Wavuvi bado wamekishikilia, na mpini wa babu huingia kwenye kichwa kilichonunuliwa jana. Birmingham, kwa upande wake, ilikuwa makao ya skrubu za mbao. Joseph Chamberlain alifika mjini mwaka 1854 akiwa kijana wa miaka 18 kuingia katika kiwanda cha skrubu cha Nettlefold, akapata humo utajiri uliompeleka kwenye umeya na kisha kwenye Wizara ya Makoloni.  Nyavu zinazotoka Marekani hazifuati kipimo cha Kiingereza, nyingi zikiwa zimeunganishwa moja kwa moja na mpini wake, na anayeagiza kutoka huko aagize kitu kizima.

Kiungio kinachokunja kichwa, kilichobuniwa ili wavu ubebwe kwa urahisi, kinahitaji tahadhari. Vile vya plastiki hupasuka pale vinapobeba mzigo wa pembeni, na mashuani mzigo karibu wote ni wa pembeni, kwa kuwa wavu huvutwa kuelekea kwa mvuvi badala ya kuinuliwa. Mashua ina nafasi ya kulaza wavu uliofunguka tangu asubuhi. Kwa nini basi uwepo mkunjo?

Mahali pa kuulaza pana uzito kuliko inavyodhaniwa. Mashua ya bwawani huachwa ipeperushwe ikiwa imekaa ubavu kwa upepo, ikipunguzwa mwendo na nanga ya maji, yaani mwavuli wa kitambaa uliofungwa kamba na kutupwa upande wa joshini, upepo utokako. Naye mvuvi hutupa ndoana upande wa demani, kule mashua inakoelekea. Samaki akinaswa demani, mashua humfuata na kumpandia, mshipi hulegea, na mara nyingi samaki hupita chini ya mashua na kuibukia joshini, palipo kamba ya nanga. Mwenye mwenzake humwomba aivute kamba. Aliye peke yake lazima achague mapema: ama avute nanga ndani mara anapoona samaki ni mkubwa, ama amwongoze samaki azunguke omo au tezi na kumwopoa kwenye kona, mahali ambapo mashua haimkanyagi wala kamba haimfikii. Njia ya pili ni bora zaidi kwa samaki anayechoka taratibu, na ndiyo sababu wavu ulazwe upande wa mkono usioshika ufito, mpini ukielekea kwa mvuvi, pete ikiwa juu ya ubao na si chini yake, mbali na kishwara cha kasia.

Samaki anapokuja, wavu hutangulia. Hulowanishwa, huzamishwa hadi ukingo wa mbele uwe chini ya maji, na hukaa kimya. Samaki huvutwa juu ya ukingo huo akianza kichwa, na wavu huinuliwa kidogo nusu ya mwili ikishapita. Kumfuata kwa nyuma ni kosa la kimaumbile, kwa kuwa samaki husonga mbele, na wavu unaogusa mkia humpa nguvu mpya. Kwa kidole cha shahada cha mkono wa ufito mvuvi huubana mshipi, ili usitoke wala usikunjwe. Mtu asiye na jaketi okozi hapaswi kufanya lolote kati ya haya, na mabwawa mengi hayamruhusu mtu kupanda mashua bila jaketi hilo.

Katika mifereji yenyewe ya Birmingham, ambayo malango yake ya maji yana upana wa mita mbili na ushee tu, chombo kinachowezekana ni kayaki, na hapo hesabu inageuka. Mvuvi ameketi karibu kabisa na uso wa maji, mkono wake unafika, na mpini wa sentimita 40 unazidi ule wa mita moja kwa kila kipimo, mradi uwe na kamba fupi iliyofungwa kwenye kayaki na povu la kuuelesha ukidondoka. Samaki anayetafutwa sana huko ni zanda, mwenye miiba mikali mgongoni, mgeni kutoka bara la Ulaya ambaye sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981 inakataza kumwachilia porini bila kibali. Ni mmoja kati ya samaki wachache wa maji hayo ambao kwao mjadala wa ute na mafundo hauna uzito.

Jambo la mwisho la kuuliza dukani ni muda ambao mfuko huchukua kukauka. Mwaka 2010 katika bwawa la Grafham, mashariki mwa Uingereza, aligunduliwa kamba mdogo mlafi kutoka eneo la Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, ambaye huua wadudu wa majini kwa wingi kuliko anavyoweza kula, na mwaka uliofuata serikali ikaanzisha kampeni ya kuwataka wavuvi wakague, wasafishe na kukausha vifaa vyao kati ya bwawa moja na jingine. Viumbe wa aina hiyo hudumu kwa siku kadhaa katika unyevu wa mfuko uliokunjwa na kusahaulika kwenye buti ya gari. Nailoni ya macho madogo, hasa yenye kina kirefu, hushika maji kwenye mikunjo hata ikiwa imeanikwa usiku mzima. Mpira ukikung'utwa mara mbili huwa umekauka kabla mashua haijafungwa gatini. Baadhi ya mabwawa huweka pipa la dawa langoni na kumtaka kila mgeni atumbukize wavu wake, na mengine ya karpu hukataa kabisa wavu wa mgeni na kumkopesha wa kwao, ambao kwa kawaida ni wa pembetatu, wa inchi 42.